Umbali Unaopimwa kwa Sekunde

Kompyuta kuu, yaani mashine kubwa ambayo benki, shirika la ndege au idara ya kodi huitegemea kuhesabu na kuhifadhi kumbukumbu za shughuli zake zote mahali pamoja, haikubuniwa ikae mbali na watu wake. Katika miaka ya 1950 kazi ililetwa hadi mlangoni pake ikiwa imetobolewa kwenye kadi, ikaingizwa kwa mafungu, na majibu yaliyochapwa usiku yakachukuliwa asubuhi. Terminali ndiyo iliyobadilisha desturi hiyo. Hiki ni kifaa chenye kibodi pamoja na skrini au mtambo wa kuchapa, ambacho hakikokotoi chochote chenyewe bali hupeleka maandishi kwa kompyuta na kupokea maandishi kutoka kwake. Tangu terminali ilipotoka nje ya jengo lenye kompyuta, wahandisi wamekuwa wakishughulika na umbali uliozuka kati ya viwili hivyo, na sura hii inashikilia kwamba umbali huo, ukichunguzwa kwa karibu, ni suala la kusubiri: nani amsubiri nani, kwa muda gani, na nani ana mamlaka ya kujibu kwa niaba ya mwenzake aliye mbali. Itifaki nyingi zilizozaliwa kati ya 1970 na 2000, ambazo kwa msomaji wa leo zinaweza kuonekana kama msitu wa vifupisho, zilikuwa majaribio ya kulijibu swali hilo moja.

Kwamba hesabu inaweza kuagizwa kutoka mbali lilikuwa jambo lililothibitishwa mapema. Tarehe 11 Septemba 1940, George Stibitz wa maabara za Bell aliwaonyesha wanahisabati waliokusanyika katika chuo cha Dartmouth, mjini Hanover, jinsi teleprinta iliyokuwa mbele yao ilivyoweza kupeleka hesabu za namba changamano kwenye kikokotoo kilichobaki New York na kurudishiwa jibu kwa waya. Mfumo wa ulinzi wa anga wa Marekani ulioitwa SAGE, ulioanza kazi mwaka 1958, ulieneza matumizi ya modemu, kifaa kinachogeuza biti kuwa sauti zinazoweza kubebwa na laini ya simu na kuzigeuza tena kuwa biti upande wa pili. Baada yake ukaja SABRE, mfumo wa kuhifadhi viti uliojengwa na American Airlines pamoja na IBM kwenye kompyuta mbili za 7090 zilizowekwa Briarcliff Manor, katika jimbo la New York, ambao kufikia katikati ya miaka ya 1960 ulikuwa ukiwahudumia mawakala wa tiketi katika miji mingi ya Marekani. Hapo ndipo biashara ilipojifunza kwamba mteja aliyesimama mbele ya kaunta hawezi kungoja mafungu ya usiku.

Kifaa kilichoipa elimu hii umbo la kudumu ni familia ya terminali iliyotolewa na IBM mwaka 1971 na kupewa namba 3270, na inafaa kukaa nayo kwa muda, kwa sababu lugha yake ingali inazungumzwa. Terminali za aina nyingine zilipeleka kila herufi kwa kompyuta mara tu ilipobonyezwa na kusubiri kompyuta iirudishe herufi hiyo ili ionekane, jambo linalovumilika pale waya unapokuwa mfupi, lakini ambalo humchosha mtumiaji na kuielemea kompyuta pale waya unapopita mikoa kadhaa. Waliobuni 3270 walikwenda njia nyingine. Skrini yake ya kawaida, yenye mistari 24 na safu 80, ambayo ni nafasi 1,920 kwa jumla, ilichukuliwa kama fomu: kompyuta huipeleka fomu nzima ikiwa na sehemu zinazoitwa nyuga, nyingine zikiwa zimefungwa ili zisomwe tu, nyingine zikiwa wazi ili zijazwe, na kila uga hutanguliwa na nafasi moja isiyoonekana inayoeleza tabia zake. Mtumiaji huandika, hufuta, husahihisha na kuruka kutoka uga mmoja hadi mwingine bila kompyuta kuu kujua lolote, kwa kuwa yote hayo hufanyika katika kumbukumbu iliyo karibu naye. Ndani ya ile nafasi isiyoonekana kuna biti moja inayowashwa mtumiaji anapougusa uga, na anapobonyeza kitufe cha kutuma, nyuga zilizoguswa peke yake ndizo zinazosafiri.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa uamuzi huo. Karani wa benki anayebadilisha kiasi cha fedha chenye tarakimu nane katika fomu iliyojaa atatuma baiti moja inayotaja kitufe alichobonyeza, baiti mbili zinazotaja mahali kiashiria kilipo, baiti tatu zinazoonyesha uga uliobadilika uko wapi, kisha zile tarakimu nane, jumla baiti 14. Kwenye laini ya biti 2,400 kwa sekunde, iliyokuwa ya kawaida kabisa katika miaka ile, baiti hizo hupita katika chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, ambapo skrini nzima ya herufi 1,920 ingechukua zaidi ya sekunde sita. Ubahili huu wa biti ulitokana na udhaifu wa laini za simu za wakati ule, na ndio ulioifanya 3270 iweze kuishi katika kila mtandao uliokuja baadaye. Fomu ya kurasa za intaneti, ambayo mtumiaji huijaza kwa utulivu kisha akaituma kwa mkupuo mmoja, imefuata mwenendo uleule, na waandishi wa historia ya kompyuta wameipa 3270 heshima ndogo kuliko inayostahili kwa jambo hilo.

Terminali hizi hazikuunganishwa moja kwa moja na laini ya mbali. Kila moja ilivutiwa kebo hadi kwenye kidhibiti cha kundi, kisanduku kilichoweza kuhudumia terminali na printa hadi 32, na kidhibiti hicho ndicho kilichokuwa na modemu na laini. Kwa kuwa laini ya kukodi iligharimu fedha nyingi, matawi kadhaa yaliwekwa kwenye laini moja iliyopita mji hadi mji, na ili vidhibiti visizungumze kwa pamoja na kuvurugana, upande wa kompyuta ulipewa uenyekiti. Uliita kila kidhibiti kwa anwani yake na kukiuliza kama kina cha kupeleka, na kidhibiti kilichoitwa ndicho pekee kilichoruhusiwa kujibu, hata kama jibu lenyewe ni kwamba hakina kitu. Utaratibu huu, unaoweza kuitwa wito wa zamu, ulirudiwa mchana kutwa, na kidhibiti kisichojibu baada ya kuitwa mara kadhaa kilihesabiwa kuwa kimekufa, na kazi zote zilizokuwa zikiendelea kupitia kwake zikakatwa. Dhana hiyo ya kwamba ukimya ni kifo ilikuwa na mantiki kamili kwenye waya uliomilikiwa na shirika moja, kwa sababu kwenye waya wa namna hiyo jibu ama huja katika muda unaojulikana au haliji kabisa.

Kompyuta kuu yenyewe, ambayo muda wake ulikuwa wa thamani kubwa, haikustahili kutumiwa kuita zamu. Kazi hiyo ilikabidhiwa kwa mashine iliyosimama kati yake na laini, iliyoitwa kidhibiti cha mawasiliano, na ile ya IBM yenye namba 3705, iliyotoka mwaka 1972, ikawa ya kwanza ya ukoo wake iliyoendeshwa kwa programu badala ya nyaya zisizobadilika. Mwaka 1974 IBM iliuunganisha mpangilio huo wote chini ya kanuni moja iliyoitwa SNA. Katika SNA kila kitu kina cheo: programu moja ndani ya kompyuta mwenyeji, yaani ile inayozikaribisha programu za kazi na wageni wake wa mbali, ndiyo inayotambua vidhibiti na terminali zote za himaya yake, na hakuna terminali inayoweza kufungua kikao, yaani mazungumzo yenye mwanzo na mwisho uliokubaliwa, bila idhini ya programu hiyo. Kwa laini zenyewe ilitumika itifaki ya SDLC, ambayo hugawa ujumbe katika vipande viitwavyo fremu, huvipa namba, na humtaka mpokeaji athibitishe kila baada ya idadi fulani kwamba vimefika salama. Uthibitisho huo utaitwa hapa stakabadhi, kwa kuwa unafanya kazi ileile ya karatasi anayopewa aliyelipa au aliyekabidhi mzigo.

Ukali wa SNA umelaumiwa mara nyingi, na ni kweli kwamba kuongeza terminali moja tu kulihitaji mtu kuandika maelezo yake katika jedwali la kompyuta mwenyeji kabla haijaweza kusema neno. Lakini ukali huo ulizaa jambo ambalo mitandao ya baadaye ilihangaika kulifikia: msimamizi aliweza kukadiria kwa uhakika ni muda gani karani angesubiri jibu, na benki ziliweza kujenga huduma za kaunta juu ya makadirio hayo.

Tatizo la kwanza kubwa lilitokea pale mashirika ya posta na simu yalipoanza kuuza usafiri wa data katika mitandao ya umma. Itifaki ya X.25, iliyokubaliwa kimataifa mwaka 1976, ilibeba data katika pakiti, yaani vifurushi vyenye anwani vinavyochanganyika njiani na vifurushi vya wateja wengine, na katika mtandao wa Transpac wa Ufaransa, uliofunguliwa mwaka 1978, mteja alilipa kulingana na wingi wa data aliyopitisha bila kujali kilomita. Mpangilio huo ulimfaa sana mwenye tawi la mbali lenye kazi chache. Ulikuwa wa hasara kwa wito wa zamu, kwa sababu kila swali tupu na kila jibu tupu lingekuwa pakiti inayotozwa. Ufumbuzi ulikuwa kuacha kuusafirisha wito. Kifaa kilichokaa karibu na kompyuta mwenyeji kilijibu zamu kwa niaba ya kidhibiti cha mbali, kifaa kingine kilichokaa karibu na kidhibiti kikakiita kwa niaba ya kompyuta mwenyeji, na kati yao ikapita data yenyewe tu, pale ilipokuwapo. Wengi katika fani huita mbinu hii ulaghai. Jina lenye haki zaidi ni uwakala, kwa sababu anayejibu amepewa dhamana, na dhamana hiyo ina masharti ambayo yataonekana hapa chini. Transpac, ambayo pia ilibeba huduma ya Minitel kutoka nyumba za Wafaransa hadi kwenye kompyuta kuu za nchi yao, iliendelea na X.25 hadi tarehe 30 Juni 2012.

Setilaiti ililiweka wazi zaidi suala la kusubiri. Setilaiti ya mawasiliano iliyotulia juu ya ikweta iko karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, kwa hiyo ujumbe unaopanda na kushuka huchukua kama robo ya sekunde, na swali pamoja na jibu lake huchukua kama nusu sekunde. Laini yenye vidhibiti kumi vinavyoitwa kimoja kimoja kupitia angani ingemaliza sekunde tano kwa mzunguko mmoja hata kama hakuna hata kimoja chenye cha kusema. Data yenyewe nayo haikusalimika. Katika SDLC ya kawaida namba za fremu ni nane tu, kuanzia 0 hadi 7, na mtumaji akishatuma fremu saba hulazimika kusimama angoje stakabadhi. Kwenye laini ya biti 56,000 kwa sekunde, fremu saba zenye baiti 256 kila moja hutoka zote katika robo ya sekunde, kisha laini iliyokodiwa kwa fedha nyingi hukaa kimya, ikingoja, kwa muda unaozidi ule iliofanya kazi. Wahandisi walipanua namba za fremu hadi 128, na pale fedha ziliporuhusu waliweka kidhibiti cha pili cha mawasiliano upande wa matawi ili wito wa zamu ufanyike ardhini.

Kwa Afrika Mashariki hesabu hii ilikuwa na uzito wa pekee. Kebo ya telegrafu ya chini ya bahari ilifika Zanzibar mwaka 1879, lakini zama za data zilipowadia pwani hii ilikaa bila mkongo wa mawasiliano wa chini ya bahari hadi 2009, ilipofika SEACOM, ikifuatiwa mwaka huohuo na TEAMS iliyotua Mombasa, na EASSy mwaka 2010. Kwa muda mrefu kabla ya hapo mawasiliano ya kimataifa ya eneo hili yalitegemea kwa kiasi kikubwa setilaiti, kupitia vituo vya ardhini kama kile cha Longonot katika Bonde la Ufa, kilichofunguliwa mwaka 1970. Terminali ya Nairobi au Dar es Salaam iliyohitaji jibu kutoka kwa kompyuta mwenyeji iliyoko Ulaya kwa njia hiyo ilianza na deni la nusu sekunde kwa kila mzunguko, kabla ya kuhesabu kasi ya laini wala foleni ya kompyuta yenyewe, na kila itifaki iliyohitaji mizunguko mitatu au minne kukamilisha jambo moja ililizidisha deni hilo mara tatu au nne. Wahandisi wa mitandao wa eneo hili walilazimika kujua tofauti kati ya laini nyembamba na laini ya mbali miaka mingi kabla ya wenzao waliokuwa na mkongo, kwa kuwa laini nyembamba hutibiwa kwa kununua upana zaidi, ilhali hakuna fedha inayoweza kuishusha setilaiti karibu na ardhi.

Katika miaka ya 1980 terminali zenyewe zilianza kutoweka juu ya meza. Kompyuta binafsi ya IBM ilitoka mwaka 1981, na mwaka uliofuata kampuni ya DCA ikauza kadi iliyoitwa IRMA, ambayo ilipochomekwa ndani ya kompyuta hiyo na kuunganishwa na kebo ya kidhibiti cha kundi iliifanya ijifanye terminali ya 3270, skrini ya kijani na yote. Kompyuta binafsi hizo ziliunganishwa baadaye katika mitandao ya eneo dogo, ya jengo au ofisi moja, na mitandao hiyo ikaunganishwa na mingine kwa ruta, mashine zinazosoma anwani ya kila pakiti na kuichagulia njia. Itifaki za ruta hizi zilikuwa za familia ya IP, iliyojengwa juu ya imani iliyo kinyume kabisa na ile ya SNA: mtandao haumwahidi mtu chochote, pakiti inaweza kuchelewa, kupotea au kufika baada ya iliyotumwa nyuma yake, na ni juu ya mashine mbili zinazozungumza kurekebisha mambo zenyewe.

Mashirika mengi yakajikuta yakilipia mitandao miwili sambamba kati ya miji ileile, mmoja wa kompyuta kuu na mwingine wa kila kitu kingine, na mkuu wa fedha yeyote angeuliza kwa nini. Jibu la haraka lilikuwa kuzitia fremu za SNA ndani ya pakiti za IP kama barua ndani ya bahasha ya mtu mwingine, na kuzifungua zikifika. Mpango huo ulifanya kazi vizuri mtandao ulipokuwa mtulivu. Saa nne asubuhi, mtu mmoja alipoanza kuvuta faili kubwa kwenye laini hiyohiyo, fremu za SNA zilichelewa foleni kwa sekunde chache, kompyuta mwenyeji ikauhesabu ukimya kuwa kifo, na vikao vya tawi zima vikakatika kwa mpigo, huku makarani wakiachwa na fomu zilizojazwa nusu mbele ya wateja. Hakuna waya uliokatika wala mashine iliyoharibika. Kilichokuwapo ni mashine mbili zenye viwango tofauti vya subira zilizofungwa pamoja.

Dawa iliyopatikana ilitoka katika uwakala uleule wa zama za X.25. Itifaki ya DLSw, iliyoelezwa na wahandisi wa IBM mwaka 1993 na kusahihishwa mwaka 1995 ili ruta za watengenezaji mbalimbali zielewane, iliufanya muunganisho wa SNA ukomee kwenye ruta ya karibu. Ruta ya tawi hukipa kidhibiti stakabadhi papo hapo, ruta ya makao makuu hujibu wito wa kompyuta mwenyeji papo hapo, na kati yao data husafiri ndani ya TCP, itifaki mwenza wa IP inayohesabu kila baiti na kurudia zilizopotea hadi zifike. Hivyo kila upande uliachiwa subira yake ya asili. Sharti la dhamana ni zito, hata hivyo, kwa sababu ruta iliyotoa stakabadhi imeupokea mzigo ambao haujafika kwa mwenyewe. Ikiwa njia ya kati itakatika kabisa, ruta haina haki ya kuendelea kumhakikishia karani kwamba mwenzake yu hai, bali hulazimika kuuvunja muunganisho wa upande wake mara moja ili programu za juu zijue kwamba kuna ujumbe wa kuutuma upya. Mafundi waliorekebisha muda wa kungoja katika ruta hizi walikuwa wakiamua, kwa kila tawi, ni muda gani ni haki kumwacha mtu aamini kwamba ombi lake limepokelewa, na uamuzi wa namna hiyo haupatikani katika mwongozo wa mtengenezaji.

Njia ya pili ilikuwa ya ujasiri zaidi, nayo ndiyo iliyoshinda. Badala ya kuubeba mtandao wote wa zamani ndani ya mpya, iliyachukua maandishi ya 3270 peke yake, ile fomu na nyuga zake, na kuyapitisha ndani ya Telnet, itifaki ya mtandao wa IP ya kuingia katika kompyuta ya mbali. Waraka wa mwanzo wa jambo hili, namba 1041 katika mfululizo wa nyaraka za kanuni za intaneti, ulitolewa mwaka 1988, lakini utaratibu uliozoeleka ulikuwa mwepesi kuliko uliopendekezwa humo na ulikuja kuandikwa rasmi mwaka 1994 kwa jina la TN3270. Msingi wake ni makubaliano matatu yanayofanywa mwanzoni mwa kikao. Kwanza, upande wa mtumiaji hutaja aina ya terminali inayoigwa, kwa mfano IBM-3278-2, ili kompyuta mwenyeji ijue ukubwa wa skrini. Kisha pande zote mbili hukubali kupitisha baiti za aina yoyote, kwa kuwa kompyuta kuu za IBM hutumia jedwali la herufi la EBCDIC, ambamo herufi kubwa A ni C1 katika hesabu ya kumi na sita, na si 41 kama ilivyo katika ASCII ya kompyuta nyingi nyingine. Mwisho hukubaliana juu ya alama ya mwisho wa fomu, na hili ndilo lililo muhimu kuliko yote, kwa maana TCP hupeleka baiti kama mto usio na mipaka, na terminali inayofikiri kwa fomu nzima haiwezi kujua fomu moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Alama iliyochaguliwa ni baiti mbili, 255 ikifuatwa na 239, na pale data yenyewe inapokuwa na 255 huandikwa mara mbili ili isidhaniwe kuwa alama.

Makubaliano hayo machache yalitosha kuziondoa ofisini kebo, vidhibiti vya kundi na kadi za IRMA. Programu ya kuiga terminali, seva ya TN3270 iliyokaa kwanza katika kisanduku cha kati na baadaye ndani ya kompyuta kuu yenyewe, na njia yoyote ya IP kati yao, vilichukua nafasi ya vyote. Vilivyosahaulika mwanzoni vilikuwa printa na majina: kompyuta mwenyeji nyingi ziliamua mtu anaruhusiwa kufanya nini kwa kuangalia jina la terminali yake, na hati ya malipo ilitakiwa itoke kwenye printa ya dirisha lilelile, lakini TN3270 haikuwa na njia ya kutaja jina wala kuhudumia printa ipasavyo. Toleo lililopanuliwa, TN3270E, lililotoka mwaka 1994 na kurekebishwa mwaka 1998, lilirudisha mambo hayo pamoja na stakabadhi za kila jibu. Mwaka huohuo wa 1998 mashirika ya ndege, ambayo terminali zao za zamani zilitumia herufi za biti sita na itifaki yao wenyewe, yalipata daraja kama hilo lililoitwa MATIP, lililoandikwa na mhandisi wa SITA, ushirika wa mawasiliano ulioundwa na mashirika ya ndege mwaka 1949.

Kulibaki mazungumzo ambayo hayakuwa ya terminali, bali ya kompyuta kuu moja na nyingine, kati ya benki na benki au benki na hazina, yaliyoandikwa kwa kanuni za SNA na ambayo hakuna aliyetaka kuyaandika upya. Kwa hayo IBM ilitoa utaratibu ulioitwa Enterprise Extender, ulioelezwa katika waraka namba 2353 wa mwaka 1998, unaoziweka pakiti za SNA ndani ya UDP, ndugu mwepesi wa TCP asiyerudia kilichopotea, huku SNA yenyewe ikisimamia urudiaji. Kwa ajili hiyo hutumika milango mitano, yaani namba zinazotenganisha mikondo ya data inayoingia katika mashine moja, kuanzia 12000 hadi 12004, ili data ya haraka isikwame nyuma ya data inayoweza kungoja, na kwa mpangilio huo ule uhakika wa zamani wa kukadiria muda wa kusubiri uliingizwa tena, kwa sehemu, katika mtandao usioahidi kitu. IBM iliacha kuuza 3745, mrithi wa mwisho wa ukoo wa vidhibiti vya mawasiliano, mwaka 2002, na miaka michache baadaye ikatoa programu iliyoigiza kidhibiti hicho ndani ya Linux kwa wateja ambao hawakuwa tayari kukiacha.

Kilichopotea katika uhamisho huu, na ambacho kilichelewa mno kushughulikiwa, ni faragha. Laini ya kukodi kati ya matawi mawili haikuwa salama kikamilifu, lakini aliyetaka kuisikiliza alihitaji kuufikia waya wenyewe. Telnet hupitisha kila kitu wazi, na EBCDIC ni jedwali la herufi tu wala si fumbo, kwa hiyo nywila ya karani iliyopita katika TN3270 ya kawaida iliweza kusomwa na mtu yeyote aliyekuwa njiani mwenye programu ya kunasa pakiti. Ulinzi wa TLS, uleule unaoficha kurasa za benki katika simu ya mkononi, uliongezwa baadaye, na kikao kinacholindwa hivyo kwa desturi hupitia mlango 992 badala ya 23. Shirika lolote linaloendelea kuacha terminali zake za kuigwa zipite mlango 23 bila ulinzi linaweka rehani siri za wateja wake, na hakuna ugumu wa kiufundi unaoweza kutolewa kuwa udhuru.

Karani anayebonyeza kitufe cha kutuma leo, katika dirisha dogo lililo kati ya barua pepe na kalenda yake, huanzisha safari ambayo wahandisi wa 1971 wasingeitambua: ujumbe wake hufungwa ndani ya TLS, hutiwa ndani ya TCP, hupewa anwani ya IP, huruka hewani hadi kwenye kifaa cha dari, hushuka katika mkongo, huvuka bahari ikibidi, na hupita ruta nyingi zisizojua wala kujali kilichomo. Mwishoni mwa safari bahasha hizo hufunguliwa moja baada ya nyingine, na baiti ya kwanza inayoifikia programu ya kompyuta kuu, mbele ya mahali pa kiashiria na nyuga zilizoguswa, ni 7D, ambayo ndiyo maana ya kitufe hicho tangu 3270 ya kwanza.